Aliyekodi ndege si nahodha wake

Kila inapoanguka ndege ndogo katika nchi yetu, na ndani yake akawamo mtu mwenye cheo, husikika kauli mbili kabla moshi haujatulia. Ya kwanza ni kuwa ajali haina kinga. Ya pili husemwa kwa kunong'ona barazani, nayo ni kuwa ndege ile haikuanguka, imeangushwa. Kauli hizi zaonekana kama mahasimu, lakini ukizipima utaona zafanya kazi moja, nayo ni kutuondolea taabu ya kuuliza. Ikiwa ni kadari tupu, hakuna la kuuliza. Na ikiwa ni njama ya maadui, basi hubaki kuulizana jina la adui tu, na mengine yote yakafukiwa pamoja na maiti.

Leo nataka kutia kauli ya tatu. Naona katika safari za ndege za binafsi na za kukodi, ziwe ni jeti, ziwe za panga au helikopta, hatari iliyo kubwa haimo katika chuma. Imo katika ile nafasi ndogo iliyoko kati ya kiti cha rubani na kiti cha yule aliyelipa. Mwenye ujuzi amekaa mbele, mwenye fedha amekaa nyuma, na watu wanangoja waendako. Siku mbingu ikiwa nyeupe hapana neno. Siku ikiwa nyeusi, ndipo hujulikana ni nani hasa anayeiendesha ndege ile.

Fikira hizi zilinizidi nilipokuwa Eldoret kwa arusi ya mpwa wangu, ambaye amehamia huko kwa biashara ya nafaka. Sisi watu wa pwani tumezoea kuiwaza Eldoret kama mji wa mbali wa baridi, ngano na wakimbiaji. Lakini mji ule umekua, na tangu tarehe 15 Agosti 2024 una hadhi ya jiji. Watu wake wana fedha, na wana shughuli. Siku za mwisho wa juma utasikia mlio wa helikopta juu ya mapaa, mara yaenda mazishini, mara mchangoni, mara kwenye posa, na watoto hawainui hata macho. Katika baraza ya msikiti, baada ya sala ya Isha, niliwasikia wafanyabiashara, Waislamu wenzetu, wakizungumza habari ya kukodi ndege kama sisi tunavyozungumza habari ya kukodi gari la kwenda maulidini Lamu.

Wala siwalaumu. Kutoka Eldoret hadi Nairobi kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300, na hadi Mombasa zakaribia 800. Na barabara zetu twazijua. Ni nani asiyeikumbuka Londiani, katika njia ya Kericho na Nakuru, ambako tarehe 30 Juni 2023 lori moja liliwaua watu 52? Kuanzia 2021 hadi 2024, kila mwaka barabara za Kenya zilichukua roho za watu zaidi ya 4,000. Mtu akikwambia kuwa angani kuna salama zaidi ya hapo, hasemi uongo. Lakini ni haki yako kumwuliza: salama ya ndege ipi?

Kwani ndege si moja. Zile kubwa zinazokwenda kwa ratiba ndizo salama kupita zote, na sababu yake si ukubwa wa mbawa. Sababu ni kuwa mle ndani mkono wa abiria haufiki. Marubani ni wawili, kanuni zimeandikwa, ofisi iko chini inayotazama hali ya hewa, na hakuna abiria aliye na namba ya simu ya rubani mfukoni. Jeti ndogo ya wafanyabiashara, ikiwa na marubani wawili waliosomea kazi yao na wanaorudishwa darasani kila mara, yakaribia daraja hiyo. Kisha wateremka ngazi: ndege ya rubani mmoja, ndege ya injini moja, helikopta inayotua uwanja wa skuli, na chini kabisa ni ndege inayoendeshwa na mwenyewe tajiri, aliyejifunza siku za mapumziko. Zote hizi twaziita kwa jina moja, ndege ya binafsi, na viti vyake vya ngozi vyafanana. Hapo ndipo watu hudanganyika.

Sasa tutazame Eldoret yenyewe, kwani ina somo ambalo sisi tuliozaliwa ufukweni hatukulizoea. Kiwanja chake kilijengwa katika miaka ya 1990, zama za Rais Daniel arap Moi, na kilizua mabishano makubwa juu ya gharama yake. Njia yake ya kurukia ina urefu wa karibu kilomita tatu na nusu. Wengi waliiona kuwa ni ndefu mno kwa mji ule, lakini kuna jambo moja ambalo halikuwa siasa. Kiwanja kile kiko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambapo kiwanja chetu cha Mombasa kiko kama mita 60 tu.

Ndege huegemea hewa kama jahazi linavyoegemea maji. Huko juu milimani hewa ni nyepesi, na jua likiwaka huzidi kuwa nyepesi. Mchana wa joto, rubani wa Eldoret huwa na hewa pungufu kwa kiasi cha robo nzima kuliko ile anayoipata mwenzake hapa ufukweni. Basi mambo matatu humpata kwa pamoja: mbawa hazimnyanyui mpaka akimbie zaidi chini, injini humpa nguvu chache kwa kuwa nayo yavuta hewa ile ile, na hata akishainuka hupanda kwa uvivu. Ndege iliyotoka Mombasa na watu wanane na masanduku yao bila ya kuona taabu, yaweza ikafika kule ikalazimika kuwaacha wawili, au kupunguza mafuta na kutua njiani kuongeza mengine. Hizi ni hesabu. Rubani huzifanya kwa kalamu kabla ya kuwasha injini, na hesabu haimjui mheshimiwa wala mtu wa kawaida.

Katika kiwanja cha Eldoret ule urefu wa njia husamehe mengi. Lakini wakubwa wetu hawaishii kwenye viwanja virefu. Hutoka hapo wakaenda kutua kwenye vijiwanja vifupi vya majani, vilivyozungukwa na miti, nyumba na nyaya za umeme. Na huko rubani atamwambia nani ashuke? Atamwambia mlinzi wa waziri? Atamwambia mfadhili wa kampeni? Au atayameza maneno yake na kujaribu?

Waislamu wa nchi hii hawajamsahau marehemu Ahmed Khalif, Mbunge wa Wajir Magharibi, aliyesimama Bungeni kuyasema mauaji ya Wagalla ya 1984 wakati ambapo wengi waliona usalama ni kunyamaza. Alipofanywa Waziri wa Kazi mwanzoni mwa Januari 2003, watu walifurahi. Hakutimiza mwezi. Tarehe 24 Januari 2003 ndege ya kukodi iliyokuwa ikiwarudisha mawaziri Nairobi kutoka sherehe ya nyumbani kwa kiongozi mwenzao iliruka katika kiwanja cha Busia, kiwanja kifupi. Haikupata kimo, ikagonga nyaya za umeme na kuangukia nyumba. Khalif alifariki pamoja na marubani wawili. Martha Karua, Raphael Tuju na Linah Kilimo walinusurika. Walikuwa wametoka kwenye furaha.

Baada ya hiyo zikafuatana. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi ilianguka Marsabit ikiwa imebeba wabunge na viongozi waliokuwa wakienda kupatanisha jamii zilizokuwa zikigombana. Watu 14 walikufa, akiwamo Bonaya Godana aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Tarehe 10 Juni 2008 ndege ndogo ya injini moja ilianguka Narok na kuwaua Waziri Kipkalya Kones na Waziri Msaidizi Lorna Laboso, waliokuwa wakienda Kericho kwa ajili ya uchaguzi mdogo. Tarehe 10 Juni 2012 helikopta ya polisi ilianguka Ngong ikamuua Waziri George Saitoti, msaidizi wake Orwa Ojode na wengine wanne, nao wakienda mchangoni. Na helikopta ile ilikuwa mpya. Na tarehe 18 Aprili 2024 huko Elgeyo Marakwet, jirani na Eldoret, helikopta ya jeshi ilianguka mara tu baada ya kuruka, akafa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wanajeshi wenzake 9.

Najua wako watakaoziona tarehe zile tatu za kumi-kumi na kufungua vitabu vya falaki kutafuta nuhusi. Wasijitaabishe. Mimi sikuitazama tarehe, niliitazama safari. Upatanisho, uchaguzi, mchango, sherehe, ukaguzi: karibu kila safari ina umati unaongoja upande wa pili, na saa iliyotangazwa. Sisemi kuwa umati ndio ulioziangusha ndege hizo. Kila moja ina sababu zake, na nyingine zilikuwa za serikali wala si za kukodi. Nasema tu kwamba tumekuwa na desturi ya kuwarusha watu wetu kwa saa ya mkutano badala ya saa ya mbingu, na desturi hiyo twaiita uchapakazi.

Wenzetu wa Marekani walipata ajali ambayo ndani yake jambo hili lilionekana bila ya pazia, na waliochunguza walilitaja. Mji wa Aspen, katika milima ya Colorado, una kiwanja kilicho juu kuliko hata cha Eldoret, na milima imekizunguka. Tarehe 29 Machi 2001 jeti ya kukodi ilikuwa ikienda huko kutoka Los Angeles. Abiria walichelewa kufika, ndege ikachelewa kuondoka, na kiwanja kile hakikuruhusu ndege ya namna ile kutua usiku. Aliyeikodi aliposikia kuwa huenda wakapelekwa kiwanja kingine alikasirika, akataka rubani aambiwe kuwa ndege haitabadili njia. Rubani akaendelea, kiza kikaingia, theluji ikawa inaanguka, na ndege ikapiga mlima karibu na kiwanja. Wote 18 waliokuwamo walikufa. Miongoni mwa sababu zilizoandikwa katika ripoti ya serikali ni kule kusukumwa kwa rubani na mteja aliyeikodi ndege ili atue.

Na usidhani kuwa lazima tajiri apige kelele. Tarehe 26 Januari 2020 mchezaji maarufu wa mpira wa kikapu, Kobe Bryant, alikufa pamoja na binti yake na watu wengine 7 katika helikopta iliyoingia mawinguni karibu na Los Angeles. Wachunguzi hawakupata ushahidi kuwa Bryant alimwamrisha rubani. Waliona kuwa yumkini rubani alijisukuma mwenyewe, kwa vile alivyomthamini mteja wake na kutaka kumfikisha. Heshima peke yake yatosha kumfanya mtu aingie wingu asiloliona mwisho wake. Na sisi, kwa jinsi tulivyolelewa kumheshimu mkubwa, ugonjwa huu kwetu ni mwepesi kushika.

Hapa ndipo lugha yetu yanifunza. Hili neno rubani halikuzaliwa viwanjani. Wazee walikuwa nalo kabla ya ndege kubuniwa. Rubani alikuwa ni yule ajuaye njia ya maji, mwenye kukitia chombo bandarini na kukitoa salama. Vasco da Gama alipofika Malindi 1498, na mizinga yake yote, alichomwomba mfalme wa Malindi ni rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Bila rubani, mizinga ilikuwa mzigo tu. Basi neno hilo tulilichukua kutoka baharini tukalipandisha angani, na likakaa vizuri. Lakini adabu iliyofuatana nalo tuliiacha ufukweni.

Adabu hiyo wazee wetu waliijua. Tajiri akipakia bidhaa zake jahazini, hata akiwa chombo ni chake mwenyewe, akishakanyaga sitaha huwa ni abiria. Nahodha akisema leo hatutweki, hatutweki. Katika kusi kali la Juni na Julai vyombo vililala pwani, na tende na chumvi zikangoja, na mwenye mali akakaa barazani akanywa kahawa yake. Hapana aliyemwita nahodha mwoga. Aliyemshurutisha ndiye aliyechekwa, kwa sababu mji mzima ulijua kuwa pepo hazinunuliwi. Hiyo ndiyo sheria ninayoitaka ipande ndege.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawapiga vijembe wanasiasa peke yao, hebu tujitazame na sisi. Sisi Waislamu tuna haraka moja tukufu, nayo ni haraka ya kumsitiri maiti. Mtu hufariki Mombasa alfajiri, na kabla ya Alasiri yuko kaburini. Mwanawe aliye Eldoret afanyeje? Pale Eldoret nilisimuliwa kisa cha ndugu watatu waliofiwa na mama yao huku pwani. Walichanga wakakodi ndege ndogo. Kufika kiwanjani, saa nane mchana, mawingu ya mvua yalikuwa yameshajikusanya, kama yafanyavyo nyanda za juu nyakati za mchana msimu wa mvua. Rubani akatazama, akapiga simu mara mbili, kisha akasema haendi. Wale ndugu walimlilia, halafu wakamkasirikia, halafu wakamtukana. Mmoja akamwambia kuwa yeye hana mama. Kijana yule alisimama akayapokea yote, na hakwenda. Mama alizikwa bila ya wanawe. Walifika siku ya pili, wakasimama juu ya kaburi bichi wakasoma walichojaaliwa.

Aliyenisimulia alitaka nimhukumu rubani. Nami namhukumu hapa mbele ya wasomaji: alitenda haki, na matusi aliyotukanwa ni deni linalostahili kulipwa kwa radhi. Kuharakisha mazishi ni jambo jema, na wala halimlazimu aliye mbali kuihatarisha roho yake. Kuhifadhi roho kumetangulia. Maiti yule hakupungukiwa na kitu. Aliswaliwa na jirani na jamaa, na dua ya mtoto haihitaji kiwanja cha ndege ili ifike. Lau ndege ile ingeruka ikapiga kilima, nyumba moja ingekuwa na matanga manne, na sisi tungekaa chini ya turubali tukasema ajali haina kinga.

Basi kwa atakayekodi ndege, yako mambo ambayo naona ni wajibu wake kuyauliza kabla ya kutoa fedha, na hayataki elimu kubwa. La kwanza, aulize kama wenye ndege wana cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege cha kubeba abiria kwa malipo. Ndege ya mtu binafsi iliyosajiliwa kwa matumizi yake mwenyewe, ikakodishwa kichinichini kwa bei ya urafiki, si ndege ya kukodi. Mchezaji mpira Emiliano Sala alikufa hivyo tarehe 21 Januari 2019, akitoka Nantes, Ufaransa, kwenda Cardiff katika ndege ya injini moja. Rubani wake hakuwa na leseni ya kuchukua abiria kwa malipo wala ya kuruka usiku, na ilikuwa usiku. La pili, aulize marubani ni wangapi, na akiweza kulipia wawili alipie, maana wa pili ndiye awezaye kumwambia mwenziwe "turudi". La tatu, aseme kweli juu ya uzito. Magunia na masanduku yapimwe, na mtu asiongezwe dakika ya mwisho kwa kuwa ni shemeji. La nne, safari ya Eldoret na nyanda zote za juu ipangwe asubuhi, kabla mbingu haijakasirika. Na la tano, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, siku ya safari amwambie rubani mbele ya wenziwe wote: "Ukiona haifai, sema, na fedha yako iko pale pale." Maneno hayo hayana gharama, na humfungua rubani kamba asiyoiona.

Wala simdanganyi msomaji kuwa atakayetimiza haya ameandikiwa salama. Tarehe 7 Agosti 2025 jeti ya madaktari wa AMREF, shirika linalojulikana kwa kazi yake, iliondoka Wilson kwenda Hargeisa na dakika chache baadaye ikaangukia makazi ya watu Mwihoko, Kiambu. Wakafa wote wanne waliokuwamo na wawili waliokuwa chini. Na tarehe 28 Oktoba 2025 hapa kwetu Kwale, ndege iliyowachukua watalii kutoka Diani kwenda Mara iliwaua wote 11 waliokuwamo. Hatari haiishi. Lakini kati ya hatari usiyoweza kuiondoa na ile unayoialika mwenyewe kuna tofauti, na juu ya tofauti hiyo ndipo mja ataulizwa.

Na hapa ndipo ninapowapinga wanaoificha haraka yao ndani ya tawakali. Tangu chuoni tulifunzwa habari ya yule bedui aliyemwuliza Mtume, rehema na amani zimfikie, kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Akaambiwa amfunge, kisha atawakali. Dua ya kupanda chombo, ambayo kila mtoto wa chuoni aijua, yatukumbusha kuwa chombo tumetiishiwa na kwamba kwa nguvu zetu wenyewe tusingekiweza. Anayekiri hivyo hawezi tena kugeuka akamwambia rubani kuwa wingu lile si kitu. Ameshakubali kuwa si mwenye nguvu. Basi akubali na kwamba si mwenye kujua.

Hata mataifa yalikubaliana kuwa ajali ina kinga. Katika kanuni zilizojengwa juu ya Mkataba wa Chicago wa 1944, imeandikwa kuwa shabaha ya kuichunguza ajali ya ndege ni kuzuia nyingine, na haikusudiwi kumtafuta wa kubebeshwa lawama. Lau ajali ingekuwa haina kinga, hapangekuwa na haja ya kuokota chuma kimoja kimoja katika misitu na kukipanga sakafuni. Kwetu sisi uchunguzi husubiriwa kwa siku saba za kilio, kisha twausahau. Na ripoti inapotoka, tumeshaingia msimu mwingine wa kampeni na helikopta zimerudi juu ya mapaa.

Twaweza kuianza kinga hiyo bila ya kungoja serikali. Ianze katika midomo yetu. Mkutano ukichelewa kwa sababu mgeni hakuruka, mwenye kipaza sauti awaambie watu hivyo, na watu wapige makofi. Harusi ikangoja, ingoje. Na rubani aliyekataa asinyimwe kazi ya kesho. Ni kheri aongezewe, maana huyo ndiye nahodha. Mimi ni mtu wa mashairi, na haya nimeyafunga katika beti moja ili iwe nyepesi kukumbukwa na atakayepanda:

Tajiri umelipia, safari sasa ni yako,
Rubani akizuia, usipige sokomoko,
Mawingu yakitulia, utafika uendako,
Nyumbani wakililia, hawalilii mfuko.